Uzi Unaojisuka na Majivu ya Gachoka

Gachoka,
12 Februari 2024

Mpendwa Karwirwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekula, maana nakujua ukiingia maabara tumbo unaliacha mlangoni. Sisi hapa tu wazima. Mjukuu wangu Gatakaa ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anakataa kusoma kwa sauti, anasema herufi S inamtoroka. Mbuzi mmoja tuliyebakiwa naye baada ya kiangazi ana mimba. Riungu anakusalimu, na anauliza kama ule uzi wako umeshona hata kifungo kimoja. Unakumbuka Krismasi alivyokuonyesha koti lake lililopungukiwa na kifungo? Bado analivaa hivyo hivyo. Nikitaka kulishona ananikataza, ati anamsubiri daktari wa uzi.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Sikio la kulia limekwisha na la kushoto liko njiani. Simu ya hapa hushikwa na huyo huyo Riungu mume wangu, kisha ananipigia kelele yale aliyosikia pamoja na yale aliyoongeza. Barua inanitosha. Nimefundisha watoto wa watu kuandika barua mpaka nikastaafu, na katika wote ni wewe mtoto wa kaka yangu tu unayeniandikia. Nitaituma kwa matatu. Ukaichukue pale ofisi yao ya Makutano, hapo Meru.

Sasa nisikilize. Tumevuna. Baada ya misimu mitatu ya kutazama mawingu yakipita, tumepata mahindi ya kutufikisha Agosti. Lakini ile mvua tuliyoililia ilipokuja ilikataa kuondoka, na mahindi tuliyaanikia ndani ya nyumba, juu ya vitanda, kila mahali. Mengine yalishika ukungu. Nimechambua mpaka macho yakauma.

Ng'ambo ya mto kuna nyumba iliyokula mahindi ya namna hii. Macho yao yaligeuka manjano, matumbo yakajaa maji. Tumezika mama na wanawe wawili. Ofisa wa kilimo alipita akasema ni sumu ya ukungu, aflatoksini, ambayo haionekani, haina harufu, na ukiipika haifi. Akatuambia tupeleke sampuli Nairobi. Kisha akawasha pikipiki yake akaenda.

Nilikusikia ukimweleza baba yako kwamba uzi wako unaweza kuiona sumu hiyo. Au nilisikia vibaya? Nijibu upesi. Unga wa kununua unakwisha, uwele tulio nao ni wa kibuyu kimoja, na ghala limejaa chakula nisichothubutu kukipika.

Ni mimi shangazi yako,
Cicily


Meru,
21 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Baba analalamika mgongo lakini bado anabishana na kila mtu, kwa hiyo hajambo. Soko la Gakoromone ni matope matupu, wauza kabeji wanatandika magunia ndipo wapate pa kusimama. Mwambie Gatakaa hata mimi S ilinitoroka na ikarudi. Mwambie Mzee Riungu kifungo kiko njiani.

Hukusikia vibaya. Ngoja nikueleze kama mwalimu. Protini ni mnyororo mrefu, na peptidi ni kipande kifupi cha mnyororo huo, pete chache tu. Kazi yangu ni kuchagua pete ipi ianze, ipi ifuate, ipi imalizie. Ukizipanga sawasawa halafu ukavitia vile vipande majini, vinajipanga vyenyewe, kama watoto wako wa gwaride kengele ikilia: kila mmoja anajua asimame karibu na nani. Hakuna mkono unaovigusa. Vinajisuka kuwa uzi mwembamba usioonekana hata kwa darubini ya kawaida. Nikibadilisha pete moja tu, sipati uzi, napata donge.

Wangu nimeubuni ujisuke pale tu unapokutana na sumu hiyo. Unaizunguka, unakusanya na rangi niliyoitia, na kwenye kikaratasi unatokea mstari mwekundu. Nimeukazania karibu miaka minne. Siku ulipotokea mara ya kwanza nililia mbele ya watu.

Lakini siwezi kukutumia, Shangazi. Profesa Murungi amesema hakuna kitakachotoka maabara kabla ya mwaka ujao, na ana haki. Tumeujaribu kwa mahindi ya hapa Gakoromone tu. Tafadhali usile mahindi hayo. Yamwage, uniandikie mnahitaji nini. Baba atatuma chakula.

Wako,
Karwirwa


Gachoka,
2 Machi 2024

Karwirwa,

Sisi wazima. Gatakaa amejifunza kupiga mluzi kwenye lile pengo la meno na sasa hatuna amani. Riungu anakusalimu, ananiambia nikuandikie kwamba kifungo kilicho njiani lazima kinatembea kwa miguu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona fahari, mara ya pili nikashikwa na hasira, na hasira ndiyo iliyobaki. Yamwage, unasema. Umeshawahi kumwaga chakula mbele ya mtoto ambaye jana alikunywa uji akalamba na mwiko? Misimu mitatu nimekuwa nikihesabu punje, halafu Mungu ananipa ghala limejaa, na wewe mwenye macho ya kuona lililomo unaniambia ningoje mwaka ujao.

Kuhusu chakula cha kaka yangu, unamjua Riungu. Mwaka ule wa kiangazi baba yako alituma magunia mawili, Riungu akayarudisha na nauli juu. Mwanamume wa hapa halishwi na ukweni. Nilimwambia huo ni ujinga, akanijibu ni ujinga wa baba yake na babu yake na hawezi kuutupa peke yake. Kwa hiyo usitume kitu. Atakirudisha, na nitaona aibu mara mbili.

Jirani yangu Karambu ameanza kupika yake. Anasema afadhali afe ameshiba. Anacheka akisema, lakini nilimwona akiwatazama watoto wake wakila, na hakuwa anacheka.

Sikuombi dawa. Naomba kujua tu. Mtu akinyimwa chakula na akanyimwa hata kujua, amebakiwa na nini?

Shangazi yako


Meru,
9 Machi 2024

Shangazi,

Hatujambo. Baba anakusalimu.

Ndani ya bahasha hii kuna vikaratasi kumi, nimevifunga kwenye nailoni visipate unyevu. Usimwonyeshe ofisa wa kilimo. Usinitaje kwa mtu. Usiniulize nilivipataje.

Saga konzi moja ya mahindi, tia kwenye kikombe cha maji safi, koroga, acha yatulie. Chovya kikaratasi, ukilaze juu ya sahani, ungoje kama muda wa chai kupoa. Mstari mwekundu ukitokea, ni sumu, mwaga yote bila kuniuliza. Usipotokea, hakuna. Jaribu kila gunia, maana sumu hukaa mahali ikaacha mahali.

Niandikie mara moja.

Karwirwa


Gachoka,
18 Machi 2024

Karwirwa wangu, daktari wangu,

Hatujambo, hatujambo, hatujambo! Gatakaa anakusalimu kwa mluzi. Mbuzi amezaa, mtoto ana doa jeupe kwenye paji. Riungu anasema amekubali, wewe ni fundi, ila koti bado liko wazi na upepo unaingia.

Hakuna mstari. Nimejaribu kila gunia, nikavilaza vikaratasi mezani kimoja kimoja kama karatasi za mtihani, nikakaa mbele yake nikiomba. Hakuna hata kimoja kilichoona haya. Nilimwita Riungu aje aangalie, akavigeuza upande wa pili, akaangalia na huko. Viwili vilivyobaki nilimpimia Karambu. Najua ulinikataza, na siombi radhi. Yake pia safi. Karambu alinikumbatia tukaanguka wote kwenye magunia, watu wazima sisi.

Jana nimetwanga muthokoi, mahindi ya kukoboa. Nilisahau mlio wa kinu ulivyo mtamu hata kwa sikio moja bovu. Tulikula tukashiba, isipokuwa Gatakaa, ambaye babu yake ameshikilia anywe uji wa uwele kwanza, eti mahindi yatamharibia meno yanayoota. Anamdekeza. Nimemwacha, tusigombane siku ya furaha.

Nakutumia kopo la mahindi haya haya. Umeyapima kwa mbali, sasa uyale. Ni yale uliyokuwa ukiyaiba ghalani ukija likizo, ukatoka na midomo myeupe, na ukakana.

Shangazi yako anayejivuna,
Cicily


Meru,
5 Aprili 2024

Shangazi, usile. Acha kula sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Nisamehe kwa kutosalimia. Barua yako na kopo vilikaa ofisini Makutano muda wote nikiwa Nairobi kwenye mkutano, nikiwaonyesha watu vikaratasi vyangu na kujisifu. Jana nimerudi nikavichukua. Nilifungua kopo mezani kwangu na vumbi la kijivu likapanda mpaka usoni. Nikakumbuka midomo yangu myeupe. Nikakaa chini.

Majivu. Mnayahifadhi na majivu ya jikoni yasiliwe na wadudu, kila nyumba ya huko hufanya hivyo, na mimi nimelala juu ya magunia hayo nikiwa mtoto, na katika miaka hii yote haikunijia kuuliza. Mahindi ya sokoni yanafika kwetu yamepepetwa. Majivu yakiingia majini yanayafanya kuwa makali kama maji ya magadi, na kwenye maji ya namna hiyo vipande vyangu vinachukiana. Kila kimoja kinamsukuma mwenzake. Gwaride halisimami, uzi haujisuki, mstari hautokei, hata sumu iwe nyingi namna gani.

Nimeyapima kwa mashine kubwa. Sitakuandikia kiasi. Ni kingi. Kisha nikachovya kikaratasi: hakuna mstari. Nikaosha mahindi hayo hayo, nikatia tone la siki kuua ukali, nikachovya tena, na mstari ukatoka mwekundu kama damu. Mtu yeyote mwenye akili angeweka mstari wa pili wa kuonyesha kwamba uzi umeamka, ili usipotokea ujue kikaratasi kimekufa. Niliuacha kwa baadaye.

Nimepiga simu, ameshika Mzee Riungu. Nimemweleza yote. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mtu akiyaosha sana sumu inatoka, nikamwambia haitoki. Akasema, "Nimesikia, mama. Hawatakula tena." Nikasema nakuja Jumamosi. Akasema nisije, mto umefunika daraja na magari hayapiti. Nikamwomba nitume unga. Akasema chakula kipo, akanishukuru, akakata.

Shangazi, naomba uniandikie kwa mkono wako kwamba mmeacha. Na Karambu. Na macho ya Gatakaa, yatazame kwenye mwanga wa jua, uniambie weupe wake ukoje. Nimemwambia Profesa Murungi kila kitu. Hakunipigia kelele. Alifunga mlango wa ofisi yake, na sijui kesho yangu ikoje na sijali.

Karwirwa


Meru,
22 Aprili 2024

Shangazi,

Hakuna jibu. Simu ya Mzee haipatikani. Pale Makutano wananiambia vifurushi vya upande wenu vimerundikana Embu kwa sababu ya mafuriko, kwa hiyo labda hata barua yangu haijakufikia. Ninajiambia hivyo. Nilijaribu kuja Jumamosi, nikafika mtoni nikakuta magari yamesimama, watu wamekaa kando na mizigo yao, na maji yakipita na miti mizima. Nilikaa nao mpaka jioni nikarudi.

Siwezi kula. Nikiona mahindi ya kuchoma barabarani napita upande wa pili.

Hata kama umenikasirikia, niandikie neno moja. Andika tu "wazima", kama unavyoanza siku zote.

Karwirwa


Gachoka,
14 Mei 2024

Karwirwa,

Barua zako zote mbili zimenifikia siku moja, maji yalipopungua. Mimi mzima. Gatakaa mzima, macho yake ni meupe, nimeyatazama juani kila asubuhi. Karambu na watoto wake wazima.

Riungu hakusalimu.

Nitakuandikia kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha mpangilio nitashindwa.

Siku uliyompigia simu sikujua kama kuna simu. Alirudi kutoka shambani akasema mahindi yaliyobaki tuyaweke ya mbegu na ya kuuza, kwamba mimi na mtoto tule uwele, dada yake ameleta mwingine. Kweli alileta, debe moja. Nikamuuliza yeye atakula nini. Akasema uwele unamfunga tumbo, atajipikia muthokoi wake taratibu, nisimwingilie. Nilicheka. Nilidhani ni ukaidi wa mzee. Niliona akiyaosha mahindi yake, anaosha na kuosha, nikamtania kwamba amekuwa bibi arusi.

Kwa Karambu alikwenda akamwambia ameota ndoto mbaya juu ya mahindi, ayamwage. Karambu alikataa. Akarudi na yule mbuzi wetu na mtoto wake mwenye doa, akamkabidhi kamba, akamwambia auze anunue unga, na asinieleze. Mimi aliniambia mbuzi wamechukuliwa na mto. Niliwalilia.

Debe lile lingewatosha watu wawili mpaka ndengu zikomae. Watatu lisingewatosha. Alipiga hesabu hiyo peke yake, Karwirwa, na hakuniuliza. Angeniambia, ningeyamwaga yote siku hiyo na kumwandikia kaka yangu, aibu au si aibu. Ndiyo maana hakuniambia. Na sasa nafikiria ule uji wa uwele wa tangu mwanzo, yale maneno ya meno yanayoota. Tangu siku ya kwanza alikuwa na shaka na vile vikaratasi, na hakutaka kuniharibia furaha, kwa hiyo akamtoa mtoto kwenye sahani na kujiweka yeye.

Macho yake yalipogeuka manjano alivaa kofia akaishusha. Tulimvusha mto kwa machela maji yalipokuwa bado kiunoni. Hospitalini Embu walifanya walichoweza. Hapo ndipo aliponieleza habari ya simu yako, akinipigia kelele kwenye sikio la kushoto, na wagonjwa wote wakasikia siri yetu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ningekula nini kingine, chako?" Nilimpiga kofi mkononi. Mtu anakufa na nilimpiga. Tumemzika Ijumaa iliyopita.

Nimekukasirikia, na sitakudanganya. Nimejikasirikia zaidi, mimi niliyekulazimisha, mimi niliyekuosha majivu hayo ukiwa mtoto na sikuandika neno majivu hata mara moja kwenye barua zangu, kwa sababu nani huandika kwamba mahindi yana majivu? Ni kama kuandika kwamba maji yana umaji. Wewe hukuuliza na mimi sikusema. Riungu nimemkasirikia kupita sisi wote, na yeye ndiye nisiyeweza kumwandikia.

Usinitumie pole. Nimezipata za kutosha, zimejaa nyumba. Nakutumia makopo mawili. La kwanza ni mahindi yale yale. La pili ni majivu ya jikoni kwangu, ya kuni za mgunga, tunazochoma huku sote. Usiyaoshe mahindi hayo, usiyatie siki. Hapa hatuna siki na maji ya kuosha tunayafuata mbali. Zipange upya hizo pete zako, uzi ujisuke ndani ya majivu, na uweke ule mstari wa pili. Ukifukuzwa hapo, tafuta pa kufanyia kwingine. Watu wa huku watavuna tena, na mvua itanyesha tena wakati wa kuanika.

Siku mstari utakapotoka, njoo uniambie mwenyewe, na usipige kelele, nitakusoma midomo. Koti lake sikulizika. Liko nyuma ya mlango. Uje na uzi wa kawaida, mweusi. Kifungo nilikuwa nacho siku zote.

Shangazi yako,
Cicily